Maisha ya Ralph Bunche, Mpatanishi

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Historia aliwagawia wanafunzi wa Kidato cha Tano majina ya watu mashuhuri wa zamani, kila mmoja achukue lake na kuandika habari zake. Wenzangu walipata wafalme na majemadari. Mimi nilipata Ralph Bunche, na nakiri kwamba sikufurahi, maana sikuwa nimepata kulisikia jina hilo. Nilimwomba mwalimu anibadilishie, akakataa. Sasa nimekwisha kusoma habari za mtu huyu, nami naona vema niwasimulie wasomaji wa gazeti letu, hasa kwa kuwa ana sehemu katika historia ya nchi yetu wenyewe.

Ralph Johnson Bunche alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 7 Agosti, 1903. (Vitabu vingi vya zamani vimechapa 1904, kwa hiyo msomaji akiona tofauti asidhani nimekosea mimi.) Baba yake alikuwa kinyozi. Mama yake alikuwa mgonjwa, na jamaa wakahamia Albuquerque, katika New Mexico, kwa matumaini kwamba hewa kavu ya huko itamponya. Haikumponya. Alifariki mwaka 1917, na wakati huo baba alikuwa amekwisha kwenda zake asirudi tena. Basi Ralph na dada yake wakalelewa na bibi yao mzaa mama, Lucy Johnson, akawapeleka Los Angeles.

Bibi huyu alikuwa mwanamke wa umbo dogo lakini hakuogopa mtu. Siku hizo watoto weusi wa Marekani walielekezwa kwenye kazi za mikono tu, hata wakiwa na akili namna gani. Bibi hakukubali. Alitaka mjukuu wake asome masomo yale yale ya kumfikisha chuo kikuu, na ikawa hivyo. Mwaka 1922 Ralph alimaliza shule ya sekondari akiwa wa kwanza, na mwaka 1927 akawa wa kwanza tena katika chuo kikuu cha California pale Los Angeles. Alicheza mpira wa kikapu, na kwa kuwa hakuwa na fedha, alifagia na kusafisha majumba ya chuo apate riziki. Harvard ilipompa nafasi, watu weusi wa mji wake walichanga dola 1,000 za kumsafirisha na kumtunza. Mwaka 1934 alipata udaktari wa elimu ya siasa, na hakuna Mmarekani mweusi aliyeupata kabla yake katika chuo chochote cha nchi ile.

Kitabu alichoandika kwa ajili ya udaktari huo ndicho kilichonifanya nianze kumpenda. Alikwenda Afrika Magharibi kulinganisha nchi mbili jirani zilizotawaliwa na Wafaransa: Dahomey, iliyokuwa koloni, na Togo, iliyochukuliwa kutoka kwa Wajerumani na kuwekwa chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa baada ya vita vya 1914 hadi 1918. Watu wengi wa Ulaya walidhani kwamba Mwafrika wa Togo ana bahati, maana mataifa yanamwangalia. Bunche alipofika aliona kwamba kwa mkulima na mchukuzi wa mizigo tofauti ilikuwa ndogo sana. Hao waangalizi walikaa Geneva wakisoma taarifa zilizoandikwa na mtawala mwenyewe. Mwenyeji hakuulizwa neno.

Mwaka 1937 alikuwa London akisoma, na huko alijifunza Kiswahili. Mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye siku hizo alikuwa mwanafunzi kama yeye. Hata akaenda Afrika Kusini, kisha Kenya mwaka 1938, akakaa na Wakikuyu wa Kiambu, nao wakampa jina la Kariuki, maana yake mtu aliyefufuka, kwa sababu walimwona kama mjukuu wa wale waliopelekwa utumwani ambaye sasa amerudi nyumbani. Sijui Kiswahili chake kilifika wapi, lakini napenda kufikiri kwamba angeweza kuusoma ukurasa huu.

Vita vya pili vilipokuja, serikali ya Marekani ilimhitaji mtu anayeijua Afrika. Ndivyo alivyofika San Francisco mwaka 1945, ulipoandikwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Alifanya kazi kubwa katika kuandika sura zinazohusu nchi zisizojitawala na nchi za udhamini. Safari hii hakutaka mambo yawe kama Togo. Katika mpango mpya ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliweza kwenda kuitazama nchi kwa macho, na mwenyeji aliweza kuandika barua ya malalamiko au kwenda mwenyewe New York akasikilizwe. Mwaka 1946 alihamia Umoja wa Mataifa na baadaye akawa mkuu wa idara ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Wameru walipofukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet akasafiri kwenda New York mwaka 1952 kulalamika, alipita katika mlango huo. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao kwa siku zile, maana kura hazikutosha. Lakini mkulima kutoka mlima Meru alisimama akasema mbele ya mataifa, na Mwingereza ilimpasa kukaa kimya na kumsikiliza.

Sasa nafika katika jambo lililompa Bunche sifa duniani, yaani Palestina. Mwaka 1947 Uingereza ilichoka na nchi ile, ikaitupia Umoja wa Mataifa, nayo kamati ikatumwa kuchunguza. Bunche alikuwa mtumishi wa kamati. Wajumbe waligawanyika: wengi walitaka nchi igawanywe iwe dola mbili, ya Wayahudi na ya Waarabu, na wachache walitaka dola moja ya shirikisho. Kilichonichekesha ni kwamba Bunche ndiye aliyewaandikia wote wawili, wengi na wachache, rasimu zao. Tarehe 29 Novemba, 1947, mataifa yalikubali kugawanya. Waarabu walikataa. Vita vikaanza, na dola ya Israeli ilipotangazwa Mei 1948 majeshi ya nchi za Kiarabu yakaingia.

Mpatanishi aliyetumwa alikuwa Folke Bernadotte, mwana wa ukoo wa kifalme wa Sweden, na Bunche akawa msaidizi wake. Tarehe 17 Septemba, 1948, Bernadotte alipigwa risasi katika gari mjini Jerusalem na watu wa kikundi cha Kiyahudi chenye siasa kali. Bunche alitazamiwa kuwa pamoja naye siku ile, lakini alicheleweshwa njiani. Kanali Mfaransa, André Sérot, aliyekaa kando ya Bernadotte, alikufa pia. Kesho yake kazi ya marehemu ikawa ya Bunche.

Januari 1949 aliwaita Wamisri na Waisraeli katika kisiwa cha Rhodes, Ugiriki, katika hoteli moja iliyo kando ya bahari. Mwanzoni Wamisri hawakutaka hata kukaa chumba kimoja na adui. Bunche hakuwalazimisha. Alikwenda kwa hawa, akaenda kwa hawa, akacheza nao biliadi, kisha akawaita wote chumbani kwake. Hakuanza na mambo makubwa. Alianza na orodha ya mambo yatakayozungumzwa, akawataka waikubali. Kisha kanuni chache ambazo hakuna mtu mwenye akili angeweza kuzikataa, akawataka wazikubali hizo nazo. Alitaka wazoee kukubaliana. Jambo gumu likaja baadaye: jeshi la Misri lililozingirwa Faluja, ambamo alikuwamo afisa kijana aitwaye Gamal Abdel Nasser. Misri haikuweza kutia sahihi huku askari wake wamefungiwa, na Israeli haikutaka kuwaachia bila malipo. Bunche aliandika rasimu, ikakataliwa, akaandika nyingine. Usiku mwingine walikaa mpaka kukapambazuka. Husimuliwa kwamba aliagiza kwa wafinyanzi wa kisiwa kile sahani nzuri zenye kumbukumbu ya mkutano, akawaonyesha wajumbe, akawaambia kwamba wakipatana kila mmoja atapewa yake, na wasipopatana atazivunja juu ya vichwa vyao. Tarehe 24 Februari, baada ya majuma sita, walitia sahihi mapatano ya kusimamisha vita. Lebanoni ikafuata Machi, Jordan Aprili, na Syria Julai.

Mwaka 1950 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Yeye alitaka kuikataa, kwa kuwa aliona mtumishi wa Umoja wa Mataifa hafanyi kazi kwa ajili ya zawadi, mpaka Katibu Mkuu, Trygve Lie, alipomwamuru aipokee. Serikali ya Truman ilikuwa imekwisha kumwita kwenye cheo kikubwa Washington, naye akakataa, maana hakutaka watoto wake wakue katika mji uliobagua weusi shuleni na hotelini.

Wengi humaliza habari zake hapo. Mimi siwezi, kwa sababu ya jambo moja nililoliona nyumbani.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wazee waliosuluhisha magomvi ya mipaka ya mashamba. Siku moja, nikiwa mdogo, nilimfuata penye ugomvi wa koo mbili. Wazee walipima kwa kamba, wakabishana tangu asubuhi hata jua likaelekea kushuka, wakapatana, wakapanda masale mpakani kwa furaha, na mbuzi akaliwa. Palikuwa na mjane aliyelima kipande kile miaka mingi. Alikaa chini ya mgomba akitazama. Mpaka ulipita kati ya nyumba yake na migomba yake. Hakuna aliyemwuliza, hata babu yangu, niliyempenda sana. Koo zile hazikupigana tena, hilo ni kweli. Na yule mama alihama.

Basi niliposoma habari za Rhodes nilitazama orodha ya waliokaa mezani: Misri, Israeli, na baadaye Jordan, Lebanoni na Syria walikutana na Waisraeli penye mipaka yao. Waarabu wa Palestina wenyewe hawakuwa na kiti. Watu wapatao 700,000 kati yao walikuwa wamekwisha kuwa wakimbizi. Mapatano yenyewe yalisema wazi kwamba mistari ile si mipaka ya nchi, ni mahali pa kusimamisha majeshi tu mpaka amani ije. Amani hiyo haikuja. Simlaumu Bunche kwa vita. Kazi aliyopewa ilikuwa kunyamazisha bunduki, akainyamazisha mahali ambapo wengine walishindwa. Lakini sifa yake kubwa duniani imetoka katika mapatano ambamo wenyeji wa nchi hawakuulizwa, na huyu ndiye mtu aliyekwenda Togo akaona kwamba hilo ndilo kosa.

Nitapita upesi juu ya miaka iliyofuata. Mwaka 1956 alipanga jeshi la Umoja wa Mataifa lililokwenda Suez, na Juni 1960 alikuwa Leopoldville kabla bendera ya Kongo haijapandishwa. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Tshombe alisema watu wa Katanga wana haki ya kujiamulia mambo yao, lakini nyuma yake walisimama maafisa wa Kibelgiji na kampuni ya migodi ya shaba. Bunche alikwenda Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 4 Agosti kuzungumza juu ya kuingia kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa. Aliona bunduki zimewekwa tayari, akashauri yasiingie kwanza. Lumumba alikasirika sana, naye alikuwa na haki yake ya kukasirika. Siku nane baadaye Dag Hammarskjöld aliingia mwenyewe na askari wa Sweden bila risasi kupigwa, lakini Katanga haikurudi mpaka Januari 1963, na katikati hapo Lumumba na Hammarskjöld wote wawili walikuwa wamekufa. Wasomaji wetu wenye jamaa upande ule wa ziwa Tanganyika wanayajua haya kuliko mimi.

Sasa nataka kusimulia kazi yake ya mwisho, ambayo karibu hakuna anayeijua. Ni habari ya Bahareni.

Bahareni ni visiwa vidogo katika ghuba iliyo kati ya Uarabuni na Iran, nchi ambayo wazee wetu wa pwani waliiita Uajemi. Zamani watu wake walizamia lulu, na nyumba zao ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizokuja na majahazi kutoka pwani yetu. Mafuta yaligunduliwa huko mwaka 1932. Iran ilivitawala visiwa hivyo mpaka mwaka 1783, ukoo wa Al Khalifa ulipovichukua, na baadaye Waingereza wakaviweka chini ya ulinzi wao. Iran haikusahau. Mwaka 1957 ilitangaza kwamba Bahareni ni jimbo lake la 14. Uingereza ilipotangaza Januari 1968 kwamba itaondoka katika ghuba ile kabla ya mwisho wa 1971, kila mtu aliuliza Iran itafanya nini.

Januari 1969 Shah wa Iran, akiwa New Delhi, alisema kwamba hatatumia nguvu na kwamba atakubali matakwa ya watu wa Bahareni. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Matakwa hayo yatajulikanaje? Shah alitaka kura ya watu wote, maana hakuweza kurudi kwa raia wake akaonekana ametoa jimbo bure. Mtawala wa Bahareni, Shehe Isa bin Salman, hakuitaka kura hiyo, maana kuipiga tu ni kama kukiri kwamba nchi yake ina mashaka. Na Waingereza walikuwa upande wake. Kila mmoja alikuwa na heshima ya kulinda, na heshima ni ngumu kugawanya kuliko ardhi.

Bunche wakati huo alikuwa karibu na miaka 67, ana ugonjwa wa sukari, na macho yake yalikuwa yameharibika hata kusoma kulimtaabisha. Chini ya Katibu Mkuu U Thant alizungumza na mabalozi wa Iran na Uingereza kwa miezi mingi, pasipo tangazo wala picha katika magazeti. Njia iliyopatikana ilikuwa hii: pasiwe na kura, lakini Katibu Mkuu atume mtu wake awaulize wenyeji wenyewe, Iran iombe, Uingereza ikubali, na jibu lolote lipelekwe Baraza la Usalama. Maneno ya barua zote yalipimwa na kukubaliwa kwanza, hata Iran ilipoandika rasmi Machi 1970 kila upande ulijua kitakachojibiwa. Nakumbuka Rhodes hapa: wazoee kukubaliana kwanza.

Aliyetumwa alikuwa Vittorio Winspeare Guicciardi, Mwitalia, mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa Geneva. Alifika Manama mwishoni mwa Machi akakaa karibu majuma matatu. Aliwaita viongozi wa vilabu, vyama, mabaraza ya miji na wazee wa dini, wa Suni na wa Shia, akaenda Muharraq na vijijini, na mtu wa kawaida aliweza kuja kusema lake. Karibu wote walisema neno moja: wanataka nchi huru yenye kujitawala kabisa, na wengi sana waliongeza kwamba iwe nchi ya Kiarabu. Tarehe 11 Mei, 1970, wajumbe wote wa Baraza la Usalama waliipokea taarifa hiyo. Iran ikakubali, na dai la karibu miaka 200 likaisha bila mtu kuuawa.

Nilipoisoma habari hii mbele ya darasa, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba hiyo si kura: hakuna sanduku, hakuna siri, na viongozi wa vilabu si watu wote. Ana haki. Mtu mnyonge husema vingine mbele ya mkubwa wake. Mimi nilimjibu kwamba sharti la sanduku lingeshikiliwa, pasingekuwa na sanduku wala maulizo, na visiwa vingebaki vikigombewa. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na mpaka leo hajakubali. Lakini hata yeye hakukana kwamba safari hii mwenye shamba aliulizwa.

Bahareni ilipata uhuru Agosti 1971, na tarehe 21 Septemba ikaingia Umoja wa Mataifa. Bunche alikuwa mgonjwa sana, na mwaka huo huo alikuwa ameiacha kazi. Tarehe 30 Novemba askari wa Iran walishuka katika visiwa vingine vitatu vya ghuba ile ile, Abu Musa na Tunb mbili, na huko hakutumwa mtu kumwuliza yeyote. Siku tisa baadaye, tarehe 9 Desemba, 1971, Ralph Bunche alifariki New York, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn.